Nembo yako kabla haijafika kwenye pleti: maswali na majibu

Maswali ya safari hii yote yanazunguka jambo moja: nembo inayopendeza kwenye kioo cha simu, kisha inaharibika ikifika kwenye karatasi, bango au fulana. Tumechagua yanayojirudia zaidi. Nembo ni ileile ambayo wengi wenu mmeiita logo, na mchapaji ni mwenye mashine, iwe ya ofseti (inayochapa kwa pleti, yaani bamba lenye mchoro, moja kwa kila wino), ya dijitali au ya fulana.

Habari za kazi. Nina saluni Mwanza. Nimemtumia fundi wa mabango logo yangu kwa WhatsApp, akasema haifai kuchapwa, ina ukungu. Mbona kwenye simu yangu inaonekana safi?

Fundi yuko sahihi, na simu yako nayo haikudanganyi. Kioo cha simu kina upana wa sentimita saba hivi, kwa hiyo picha ndogo inakijaza bila shida. Bango linapimwa kwa mita.

Picha ya JPG au PNG imejengwa kwa viraba vidogo vya rangi, yaani pikseli, na idadi yake haiongezeki ukiivuta iwe kubwa. Kwa kitu kinachosomwa mkononi, mchapaji anahitaji pikseli 300 katika kila inchi, ndiyo hiyo dpi 300 unayoisikia. Namba hii ina sababu. Ofseti huchapa picha kwa vidoti vilivyopangwa kwa mistari 150 hadi 175 kwa inchi, na kila mstari unahitaji takribani pikseli mbili ili upate taarifa ya kutosha. Hesabu ya haraka ni hii: chukua upana wa picha kwa pikseli, gawanya kwa 118, utapata sentimita inazoweza kuchapwa vizuri. Nembo ya pikseli 640 inatosha sentimita 5.4, yaani kadi ya biashara. Ukiitandaza kwa upana wa mita moja, kila pikseli inakuwa kiraba cha milimita moja na nusu. Huo ndio ukungu aliouona fundi.

WhatsApp nayo iliongeza lake. Ukituma kitu kama picha, programu hukipunguza vipimo na kukibana upya, na kandokando ya herufi hubaki vumbi la rangi lisilofutika. Tuma kama hati: bonyeza alama ya kuambatisha, chagua hati badala ya picha, kisha tafuta faili lenyewe. Litafika kama lilivyo.

Hata hivyo, kwa nembo hatushauri kuhangaika kutafuta JPG kubwa zaidi. Tafuta vekta. Faili la vekta halihifadhi viraba. Linahifadhi maelezo ya mistari: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale, jaza kijani. Mashine huichora nembo upya kwa ukubwa wowote inaoagizwa. Mashine za kutengeneza pleti za ofseti kwa kawaida huchora kwa dpi 2400 au zaidi, ndiyo maana herufi ya vekta hutoka na ukingo mkali ambao picha ya dpi 300 haiwezi kuufikia. Mafaili ya vekta huishia kwa AI, EPS, SVG au PDF.

Ila jina la faili peke yake si ushahidi. JPG iliyowekwa ndani ya PDF, au iliyohifadhiwa upya kama EPS, inabaki kuwa JPG iliyovaa koti. Ipime hivi: fungua PDF kwenye kompyuta, kuza mpaka asilimia 800 au zaidi, tazama ukingo wa herufi ya mviringo kama O au S. Ukiona mstari laini na mkali, ni vekta. Ukiona ngazi ngazi au kingo zilizofifia, ni pikseli, hata kama aliyekuuzia ameapa.

Salaam kutoka Mombasa. Aliyetengeneza nembo ya shule yetu hapatikani tena. Tuna barua za zamani zenye nembo na JPG ndogo. Je, tunaweza kuigeuza kuwa vekta wenyewe?

Inawezekana, lakini kabla ya kuchora upya tafuteni kwanza, kwa sababu mara nyingi vekta ipo na hakuna anayejua. Muulizeni mchapaji aliyewahi kuwachapia vyeti au daftari. Wengi huhifadhi mafaili ya wateja kwa miaka. Kisha kusanyeni kila PDF ya zamani: ripoti ya mwaka, mwaliko wa mahafali, kalenda. Nembo iliyowekwa kwenye PDF hizo ikiwa vekta bado ni vekta. Fungueni ukurasa huo ndani ya programu ya kuchora vekta, yaani Inkscape, ambayo ni ya bure, au Illustrator ya Adobe, bofyeni nembo, inakilini kwenye faili jipya. Kazi imekwisha.

Msipoipata, chukueni nakala kubwa na safi kuliko zote iliyochapwa, muiskani kwa dpi 1200, msitumie ile JPG ya tovuti. Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuiachia programu ifuatishe kingo yenyewe. Kwenye Inkscape ni amri ya Trace Bitmap, Shift+Alt+B. Inafaa kwa nembo ya rangi moja yenye maumbo makubwa na skani safi. Kwa beji ya shule yenye ngao, kitabu, mwenge na maandishi ya duara haifai, na msije mkaridhika nayo kwa sababu kwa mbali inapendeza. Pembe kali huwa za mviringo, mistari iliyonyooka hutetemeka, na herufi ndogo hugeuka kokoto. Duara linalohitaji nukta nne hupata nukta sitini, na mashine ya kukata stika itafuata kila kinundu kati ya hizo.

Ya pili ndiyo tunayoipendekeza: chora upya kwa mkono. Wekeni skani kwenye tabaka la chini, lififisheni na kulifunga, kisha juu yake tumieni kalamu ya vekta. Duara lichorwe kwa kifaa cha duara, ngao nusu moja kisha igeuzwe kama kioo ili pande zilingane. Kaulimbiu inayozunguka msifuatishe herufi. Tafuteni fonti inayofanana, iandikeni upya juu ya njia ya mviringo. Nukta ziwe chache iwezekanavyo. Mkimaliza, chapeni kwa ukubwa uleule wa barua ya zamani, wekeni karatasi mbili juu ya kioo cha dirisha mchana, mlinganishe.

Hamjambo. Rangi ya kampuni yetu ni bluu kali. Kwa kompyuta iko sawa, lakini brosha zimetoka zambarau. Mchapaji anasema kosa ni la faili letu. Ni kweli? (Nairobi)

Inaelekea ni kweli. Kioo cha kompyuta hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu, RGB kwa kifupi. Mashine hutumia wino wa sayani, majenta, njano na mweusi, yaani CMYK, na wino hauwaki. Bluu ya 0, 0, 255 mnayoiona kwenye kioo haipo kabisa ndani ya uwezo wa wino hizo nne. Programu ikilazimika kuigeuza huleta kitu kama sayani asilimia 88 na majenta asilimia 77. Majenta ikiikaribia sayani kiasi hicho, bluu inaegemea zambarau, na siku mashine ikizidisha majenta kidogo tu, bluu inapotea.

Kanuni ya kushika ni kuacha pengo la asilimia 30 au zaidi kati ya sayani na majenta. Sayani 100 na majenta 70 inabaki bluu. Sayani 100 na majenta 90 haibaki. Na si bluu peke yake inayoathirika. Chungwa kali, kijani cha ndimu na waridi inayong'aa hufifia vikigeuzwa kuwa wino, na hakuna mchapaji anayeweza kuvirudisha kwa kubonyeza kitufe.

Kwa hiyo msiiachie programu iwachagulie. Geuzeni faili la nembo liwe CMYK, andikeni namba wenyewe, tena namba nzima zisizo na desimali, kisha mzihifadhi kama rangi rasmi za kampuni. Muulizeni mchapaji anatumia profaili gani ya rangi, yaani maelezo ya jinsi mashine na karatasi yake zinavyotoa rangi. Karatasi laini inayong'aa kwa viwango vya Ulaya huwa FOGRA39 au ile mpya zaidi, FOGRA51; waliofuata viwango vya Marekani hutaja GRACoL. Asipokuwa na jibu, mwombeni achape kipande kidogo chenye bluu tatu au nne za namba tofauti, kwenye karatasi ileile na mashine ileile ya kazi yenu, mchague kwa macho. Mtazame karibu na dirisha mchana. Chini ya taa ya manjano ya ofisi bluu hupoozwa na mtakubali rangi isiyo sahihi.

Bluu ikiwa ndiyo utambulisho wenu na haiwezi kuyumba, nendeni kwenye Pantone. Huu ni wino uliochanganywa kabla kwa fomula yenye namba, na unawekwa kwenye mashine kama rangi yake peke yake. Nembo ya rangi mbili ikichapwa kwa Pantone mbili inahitaji pleti mbili badala ya nne, kwa hiyo kwa barua na bahasha za ofisi inaweza hata kupunguza gharama. Angalieni herufi inayofuata namba: C ni jinsi wino unavyoonekana kwenye karatasi inayong'aa, U kwenye karatasi isiyong'aa. Wino ni uleule, lakini karatasi isiyong'aa huunyonya na rangi inapoa. Mashine za dijitali kwa kawaida hazipokei wino wa Pantone. Huuigiza kwa wino zake, kwa hiyo msilipie Pantone kwa kazi ya kadi 200 za dijitali.

Jambo moja zaidi kwa wenye mafaili ya zamani: mnamo Novemba 2022 vitabu vingi vya Pantone viliondolewa kwenye programu za Adobe. Namba ya Pantone pamoja na CMYK yake viandikwe mahali pengine pia, si ndani ya faili tu.

Nyeusi ya nembo yangu hutoka kama kijivu cha mkaa. Niweke namba gani?

Inategemea ukubwa wa eneo. Maandishi madogo na mistari myembamba yawe mweusi 100 peke yake. Yakichanganywa na rangi nyingine, pleti zikisogeana hata sehemu ya kumi ya milimita utaona kivuli cha rangi pembeni mwa herufi. Eneo kubwa, kama ngao nzima au mandharinyuma, litumie sayani 60, majenta 40, njano 40, mweusi 100. Jumla yake ni 240, inakauka vizuri na inaonekana nyeusi kwelikweli.

Usithubutu kutumia nyeusi iitwayo Registration, ya alama za kulinganishia pleti, ile ya 100 kwa kila wino. Jumla 400 haikauki. Wino unahamia mgongoni mwa karatasi inayoilalia. Kwa gazeti hata 240 iko ukingoni, kwa hiyo tumia mweusi 100 na sayani 40, uishie hapo.

Nimempelekea mchapaji hapa Kampala faili la CorelDRAW. Herufi za nembo zimebadilika na ule mstari wa chini umenenepa kuliko jina. Tatizo ni programu?

Matatizo ni mawili, na yote huzuilika kabla faili halijatoka kwako.

Herufi zimebadilika kwa sababu fonti yako haimo kwenye kompyuta ya mchapaji. Iwe Nasser Road, River Road au Kariakoo, kompyuta moja hupokea mafaili ya watu wengi, kila mmoja na fonti zake, na programu ikiikosa huweka nyingine kimyakimya. Geuza maandishi yawe maumbo. CorelDRAW ni Ctrl+Q, Illustrator ni Shift+Ctrl+O, Inkscape ni Shift+Ctrl+C. Baada ya hapo hayahaririki tena, kwa hiyo hifadhi nakala mbili: moja ya kuhariri inayobaki kwako, moja ya kuchapa.

Mstari umenenepa kwa sababu nembo ilipopunguzwa, unene wa mstari haukupungua nao. Mstari wa pointi 3 (pointi moja ni sehemu ya 72 ya inchi) kwenye nembo ya sentimita 20 ni uzi. Kwenye nembo ya sentimita 3 ni ukanda. Ugeuze nao uwe umbo lenye kujazwa rangi: Ctrl+Shift+Q kwa CorelDRAW, Outline Stroke kwa Illustrator, Ctrl+Alt+C kwa Inkscape. Hapo ukiipunguza nembo kila kitu kinapungua pamoja.

Ukiwa hapo, pima mstari mwembamba kuliko yote kwa ukubwa wa mwisho. Mstari mweusi juu ya nyeupe usiwe chini ya pointi 0.25, karibu sehemu ya kumi ya milimita. Mstari mweupe juu ya rangi uwe walau pointi 0.5, na tungependa 0.75, kwa sababu wino hutanuka na kuziba nafasi iliyoachwa wazi. Kama nembo ina kaulimbiu ambayo kwenye kadi inakuwa ndogo kuliko pointi 5, tengeneza toleo la pili lisilo na kaulimbiu. Si kuiharibu nembo. Ni kuifanya isomeke.

Sina Illustrator wala kompyuta nzuri. Logo nimeitengeneza kwa Canva kwenye simu. Nifanyeje ikubalike kwa mchapaji?

Anza na ukurasa. Kiolezo cha logo cha Canva ni pikseli 500 kwa 500, na kwa hesabu yetu ya 118 hizo ni sentimita 4.2 tu. Fungua ukurasa mpya wenye vipimo vya sentimita, mathalani 20 kwa 20, uhamishie mchoro huko. Ukipakua, chagua PDF ya kuchapa, si PNG wala PDF ya kawaida. Maandishi uliyoandika ndani ya Canva na maumbo yake mengi yatatoka kama vekta. Picha ulizopandisha mwenyewe zitabaki pikseli, na hilo ndilo linalowaponza wengi: wanapandisha nembo ya PNG, wanaipakua kama PDF, wanadhani imegeuka.

Akaunti ya bure hutoa PDF ya RGB. Kuchagua CMYK na kupakua SVG ni vya akaunti ya kulipia. Unaweza kulipia mwezi mmoja ukapakua kila toleo unalolihitaji, au ukaipeleka PDF ya bure kwa mwenye Illustrator au CorelDRAW aigeuze, ukisimama pembeni kukubali kila rangi.

Kuna jambo la kisheria ambalo halimo kwenye swali lako lakini linakugusa. Vielelezo vya maktaba ya Canva vinatumiwa na kila mtu, na masharti yake hayaruhusu kuvisajili kama alama ya biashara. Ukiwa na nia ya kuisajili BRELA kwa Tanzania, au KIPI kwa Kenya, mchoro wa nembo uwe wako mwenyewe.

Kadi zangu zimekatwa zikaacha uzi mweupe ukingoni.

Rangi yako iliishia palepale karatasi inapokatwa. Kisu cha gilotini hakipigi mahali pamoja kila mara. Kinaweza kusogea milimita moja. Rangi inayofika ukingoni lazima ipitilize milimita 3 kila upande. Kadi ya milimita 90 kwa 55 inatengenezwa 96 kwa 61, alama za kukatia zinawekwa, na nembo inakaa milimita 4 au 5 ndani ya mstari wa kukata. Kama kadi ina fremu nyembamba pande zote, iondoe: milimita hiyo moja itaonekana upande mmoja ukiwa mwembamba kuliko mwingine.

Fundi ananiomba faili la bango la mita 6 kwa 3. Programu inakataa ukurasa mkubwa hivyo.

Illustrator kwa mpangilio wake wa kawaida inaishia kwenye mita 5.77, na PDF nyingi huishia kwenye mita 5.08. Fanya kazi kwa skeli ya 1:10, yaani sentimita 60 kwa 30, na uandike skeli hiyo kwenye jina la faili na kwenye ujumbe kwa fundi. Akisahau, utachapiwa kibango cha dirishani.

Nembo ikiwa vekta haina la kuhofia. Picha za watu au bidhaa ndizo za kupima. Bango linalotazamwa kutoka mita tano na zaidi linaridhika na dpi 50 hadi 100 kwa ukubwa halisi. Kwa upana wa mita 6 hizo ni pikseli zisizopungua 11,800 hivi. Usikubali kudaiwa dpi 300 hapo. Faili litakuwa zito mpaka kompyuta ya fundi ikwame, na hakuna jicho litakaloiona tofauti.

Acha sentimita 10 pande zote bila nembo wala maandishi, kwa sababu pembeni hukunjwa, hushonwa na kutobolewa matundu ya pete za kufungia. Na ukubwa wa herufi uupime kwa mtazamaji: sentimita 1 ya kimo kwa kila mita 1.2 ya umbali husomeka vizuri. Dereva aliye mita 30 anahitaji herufi za sentimita 25. Namba za simu nne chini ya bango, kila moja sentimita 8, ni wino uliomwagika bure.

Sehemu nyeupe ya nembo imetoweka kwenye chapa, na kwingine nembo imetokea ndani ya kiboksi cheupe. Kwenye kioo vyote vilikuwa sawa.

La kiboksi ni jepesi: ulitumia JPG, na JPG haiwezi kuwa na mandharinyuma wazi. Tumia vekta, au kwa shida PNG. Kiboksi kikionekana kuzunguka kivuli cha nembo juu ya rangi ya Pantone, tatizo ni jinsi uwazi wa kivuli, yaani kule kuonyesha rangi ya chini, ulivyobanwa faili lilipohifadhiwa. Hifadhi kwa PDF/X-4, aina ya PDF ya uchapaji inayouacha uwazi ulivyo, kama mchapaji anaipokea. Anayetumia mitambo ya zamani atataka PDF/X-1a. Kwake ondoa vivuli kabisa. Nembo haipaswi kutegemea kivuli hata hivyo.

La nyeupe kutoweka lina hila. Katika uchapaji nyeupe si wino. Ni karatasi iliyoachwa bila kuchapwa. Kitu kikiwekewa amri ya kuchapwa juu ya rangi iliyo chini yake bila kuitoboa, jambo ambalo hufanywa kwa maandishi meusi, kisha mtu akabadilisha kile cheusi kuwa cheupe, amri inabaki. Mashine inachapa rangi ya chini yote, na juu yake inachapa nyeupe, yaani haichapi kitu. Kioo cha kawaida hakikuonyeshi hilo. Kwenye Illustrator bonyeza Alt+Shift+Ctrl+Y kabla ya kutuma. Kitakachotoweka kwenye kioo hapo ndicho kitakachotoweka kwenye karatasi. Kiondolee amri hiyo kwenye kidirisha cha Attributes.

Tunataka fulana na kofia za wafanyakazi 60. Faili la kadi za biashara linatosha?

Kama kianzio, ndiyo. Kama faili la mwisho, hapana, na inategemea njia.

Fulana za skrini, ambazo wino husukumwa kupitia wavu uliowambwa kwenye fremu: kila rangi ina fremu yake na gharama yake. Rangi ziwe nzima, zitenganishwe, zisizozidi tatu kama bajeti ni ndogo. Rangi zinazofifia ziondolewe. Mstari mwembamba kabisa uwe pointi 1, na nafasi iliyoachwa wazi kati ya mistari iwe pointi 1.5 au zaidi. Fulana ikiwa nyeusi au ya bluu iliyokoza, chini ya rangi huwekwa wino mweupe kwanza, la sivyo njano itatoka kama kijani kichafu. Huo mweupe ni fremu nyingine. Uulizie bei yake mapema.

Uchapaji wa filamu, unaoitwa DTF, unapokea rangi zote. Mpe fundi PNG yenye mandharinyuma wazi, dpi 300 kwa ukubwa halisi, mathalani sentimita 28 ambazo ni pikseli 3307. Vivuli na kingo zilizofifia viondolewe, kwa sababu mashine huweka wino mweupe chini ya kila pikseli yenye chochote, na kivuli chako kitatoka na ukungu mweupe pembeni.

Kofia zikidariziwa, hakuna faili la kuchapa linaloingia kwenye mashine moja kwa moja. Lazima mtu achore upya nembo kwa mishono: iende upande gani, ibanane kiasi gani, ianze wapi. Matokeo yake ni faili la DST, au PES kwa mashine za Brother. Herufi zisipungue milimita 5 kwa kimo. DST haihifadhi rangi halisi za nyuzi, inahifadhi tu pale uzi unapobadilishwa, kwa hiyo orodha ya rangi iandikwe pembeni. Na faili lililotengenezwa kwa kitambaa cha shati jembamba lisitumike kwa kofia bila kurekebishwa. Kofia hudariziwa kuanzia chini kwenda juu na kutoka katikati kwenda pembeni. Usipofuata hivyo kitambaa kinakunjamana.

Mbunifu amemaliza nembo na anataka malipo ya mwisho. Nimdai mafaili gani?

Mdai faili la asili linaloharirika, AI ya Illustrator au CDR ya CorelDRAW, na majina ya fonti alizotumia. Kisha PDF na EPS zenye herufi zilizogeuzwa maumbo, katika CMYK. SVG kwa tovuti. PNG yenye mandharinyuma wazi, pikseli 3000 kwa upana, kwa matumizi ya ofisini. Kila moja iwe na matoleo manne: rangi kamili, nyeusi tupu, nyeupe tupu, na toleo dogo lisilo na kaulimbiu. Toleo la nyeusi tupu wengi hulisahau, na ndilo litakalohitajika kwa muhuri, kwa kuchonga kwenye chuma, na kwa risiti.

Akupe pia ukurasa mmoja wenye namba za rangi kwa CMYK, RGB na Pantone, na ukubwa wa chini ambao nembo bado inasomeka, kwa milimita. Fungua kila faili mbele yake kwenye kompyuta isiyo yake, ukuze mpaka asilimia 800, ndipo ulipe. Majina ya mafaili yaseme yalichonacho, kwa mfano nembo-cmyk-nyeusi.pdf. Lile linaloitwa logo final final 2 ndilo linalopelekwa kiwandani kimakosa, likiwa na namba ya simu ya zamani.